Unakaa Wapi?

Shangazi alishuka Tabata Relini na bahasha ya kaki kwapani, akapanda bajaji mpaka kwetu Kimanga, na kabla hajaketi sawasawa akanikabidhi. "Baba yangu, wewe ndiye unayelala na makamusi. Nisomee hii."

Ndani mlikuwa na karatasi moja ya ultrasaundi, Kiingereza kitupu: vipimo vya sentimita, majina ya sehemu za tumbo, na chini kabisa, kwa kalamu ya bluu, mtu alikuwa ameandika neno "benign". Daktari alimweleza, alisema, lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni na yeye alisikia neno moja tu, uvimbe. Baada ya hapo, kwa maneno yake mwenyewe, masikio yalijifunga.

Nimetafsiri mikataba, hotuba za harusi, hata maelekezo ya pampu ya maji. Sijawahi kukaa na neno moja mchana kutwa kama nilivyokaa na hilo.

Shida inaanzia kwenye uvimbe wenyewe. Aliyeng'atwa na nyuki ana uvimbe. Miguu ya mjamzito ikijaa maji, uvimbe. Busha, ambalo ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani, na huku pwani mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu, nalo ni uvimbe. Mtoki wa kinenani mtu akijikata mguuni, rovu la shingoni, jipu, nundu ya kugonga kichwa kwenye kizingiti, kinyama cha mafuta kinachoteleza chini ya ngozi ya bega miaka thelathini bila kumsemesha mwenyewe: vyote uvimbe. Mtaani tumelinyoosha zaidi. Kijana akimtunishia konda kifua anaambiwa asivimbe, na "unanivimbia mimi?" ni mwanzo wa ngumi.

Wapo watakaosema huo ni umaskini wa Kiswahili. Siwaungi mkono. Kilatini kilichowapa madaktari wa dunia neno lao "tumor" kilikuwa vivyo hivyo. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja alama nne za mahali palipowaka ugonjwa mwilini, yaani wekundu, uvimbe, joto na maumivu, na uvimbe wake huo ndio "tumor" ile ile. Baadaye sana ndipo wataalamu walipolibana neno, likabaki na maana ya nyama mpya, chembe zinazozaliana bila mwili kuziagiza. Wao wamelibana, sisi hatujalibana, na mgonjwa aliye kwenye foleni anapolisikia zinamwingia maana zote kwa mpigo, mbaya zaidi ikitangulia.

Halafu likaja jipu. Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge Dodoma, kutumbua majipu kukawa msamiati wa taifa. Kila aliyefukuzwa kazi alikuwa ametumbuliwa. Kwa siasa lilikuwa neno tamu. Kwa tiba lilituachia mazoea mabaya, kwa sababu jipu lina usaha na usaha unataka njia ya kutokea, ilhali nyama iliyoota haina usaha wowote. Ukiitumbua unapata damu na kidonda. Fundi mmoja wa mtaani kwetu alikijaribu kwa wembe kinyama cha mafuta cha mkononi mwake, kisa kilikuwa hakimpendezi akivaa mikono mifupi. Alikaa na bandeji mwezi mzima, na kinyama kikabaki pale pale kinamtazama. Na yale makovu yanayoumuka masikioni kwa waliotoboa, au kidevuni kwa wanaonyolewa ndevu, hayo ukiyakata tu bila tiba nyingine hupenda kurudi makubwa kuliko yalivyoondoka.

Sasa "benign". Kilatini tena: aliyezaliwa mwema. Mwenzake ni "malignant", mwenye nia mbaya. Kiarabu kilifuata njia hiyo hiyo ya tabia njema na tabia mbaya. Ndugu zetu wa Muscat wakienda hospitali huambiwa ni waram hamid au ni waram khabith, uvimbe wa kusifika au uvimbe muovu. Kiswahili kinayo maneno yote mawili, maana habithi tunamwita mtu muovu, na Hamidi ni jina la watoto wetu. Nilijaribu kuandika "uvimbe hamidi" kwenye daftari, nikacheka peke yangu. Ungedhani uvimbe umeshapelekwa madrasa.

Huku Dar es Salaam, redioni na kwenye vipeperushi, kuna tafsiri tatu zinazogombea kiti. "Uvimbe usio na madhara." "Uvimbe salama." "Uvimbe usio wa saratani." Ile ya tatu haina utamu, inamtaja mtu kwa asichokuwa, lakini angalau haisemi uongo. Zile mbili za kwanza ningezifuta leo.

Kwa nini, ukitaka kuona, tazama taya. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Haikupita muda akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo. Mwaka 1958 akauandikia makala, na leo unaitwa kwa jina lake. Ni saratani, tena miongoni mwa zinazokua upesi kuliko zote. Wazazi huona uso wa mtoto ukibadilika wiki hadi wiki. Lakini ikawa pia miongoni mwa saratani za mwanzo kuonyesha kwamba dawa peke yake, bila kisu, zinaweza kuiyeyusha.

Upande wa pili kuna uvimbe wa taya ambao madaktari wa kinywa wa Muhimbili wanaujua vizuri mno, ameloblastoma. Huu kwenye karatasi huandikwa "benign". Unatokana na chembe zinazohusika na kutengeneza jino. Hauna haraka: unakua mwaka hadi mwaka, hauumi, mtu anadhani ni jino la mwisho, na wakati huo unalila pole pole taya lenyewe. Ukiukwangua tu, mara nyingi unarudi. Ili uondoke inabidi uondoke na kipande cha mfupa wenye afya, na wapo waliopoteza nusu ya taya.

Muovu akayeyuka kwa dawa, mwema akaondoka na taya. Ukimwambia mgonjwa wa huyu wa pili kwamba uvimbe wake "hauna madhara", umemtuma nyumbani akasubiri madhara.

Basi tofauti ya kweli kati ya hizi namna mbili ni ipi, kama si wema na ubaya? Ni mwendo. Uvimbe usio wa saratani hukua pale ulipoota. Husukuma, hubana, huziba, lakini mara nyingi una ngozi yake inayoutenga na jirani, na hautumi watoto wake kwenda kuanzisha makazi kwingine. Saratani hupenya kwa jirani, huingia kwenye damu na mitoki, hutokea kwenye ini, mapafu, mifupa.

Kwa hili lugha yetu ilikuwa na neno zamani, tena dogo: kaa. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani. Wagiriki wa zama za Hippocrates nao waliuita ugonjwa huo hivyo kwa lugha yao, karkinos, kwa kuwa mishipa iliyotanda kuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu ya kaa. Sisi tumelichukua neno tukaliacha bila mdudu, hakuna anayesikia saratani akaona gando. Huku Tabata hata hilo hatulitumii, tunasema kansa, na wengi hatusemi hata kansa, tunasema "ule ugonjwa", au tunataja jengo tu: "wamempeleka Ocean Road." Taasisi ile ya saratani ya pale ufukweni imekuwa istilahi kwa haki yake.

Lakini kaa la pili, la kuketi, la kuishi, ndilo ninalolitaka. Kaa mdudu hatulii. Hutambaa kiupandeupande, huingia shimo hili akatokea lile. Uvimbe mwingine ule unakaa. Na tazama sarufi inavyotuchekea: nikikutana na wewe kwenye daladala nitakuuliza, "unakaa wapi?" Nikiuzungumzia uvimbe nitauliza hivyo hivyo, herufi kwa herufi, unakaa wapi? Kiambishi cha wewe na cha uvimbe ni kimoja.

Swali hilo ndilo linaloamua tiba kuliko jina. Kinyama cha mafuta kikikaa mgongoni, hata kifikie ukubwa wa limau, waweza kuzikwa nacho. Uvimbe wa utando wa ubongo, usio wa saratani kabisa, ukikaa ndani ya fuvu ambamo hakuna nafasi ya mgeni, unaweza kukuletea kifafa au kukunyima macho. Rovu likiota kwa mbele ni aibu ya picha ya harusi. Likishuka nyuma ya mfupa wa kifua linaikaba njia ya hewa. Hata Burkitt, kwa ule wake wa kansa, alianza na swali hili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakatoka Kampala kuelekea kusini, Tanganyika na kwingineko, safari ya maili kama 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe ule unaonekana. Walirudi na ramani: unapenda kwenye joto na mvua, yaani kwenye mbu wa malaria. Walijua unakaa wapi kabla hawajajua unatokana na nini.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo nitaje kitongoji changu, maana Tabata tuna ujuzi wa majina. Tunapaita mahali kwa kitu kinachokaa hapo: Relini, Shule, Bima. Na kuna Dampo. Hapo ndipo jiji zima lilipokuwa likimwaga taka, moshi ukiingia ndani ya nyumba za watu, mpaka wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 wakashinda. Jiji lilijivuta, ila mwanzoni mwa miaka ya 1990 jalala liliondoka. Likaenda Kunduchi Mtongani, wa huko nao wakakimbilia mahakamani. Likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Jina tumebaki nalo sisi. Ndivyo madaktari wanavyofanya na saratani: ya titi ikishafika kwenye mfupa bado huitwa ya titi, kwa pale ilipoanzia. Nadhani watu wa Tabata ni wa kwanza kulielewa hilo bila mchoro.

Nikarudi kwenye karatasi ya shangazi. Yake ilikuwa fibroidi, ule uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi ambao mtaani tunauita tu uvimbe kwenye kizazi. Ni wa kawaida kupita kiasi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 wanakuwa nao wafikapo miaka 50, wengi pasipo kujua. Kugeuka saratani ni jambo la nadra mno. Fibroidi moja kati ya nyingi ndiyo inayohitaji kufanywa chochote.

Vipimo vilisema vivimbe viko viwili, kimoja cha sentimita saba na kingine cha mbili. Shangazi alikuwa ameukazia macho ule wa saba. "Huu mkubwa si ndio wa kutoa?"

Nikamchorea nyumba. Mfuko wa uzazi una chumba ndani, una ukuta mnene, na una nje. Fibroidi ya nje ni kama mtu aliyekaa kibarazani. Aweza kuwa mnene kiasi gani, atakachofanya ni kukuegemea, ukaenda haja ndogo mara kwa mara kwa kuwa amekiegemea kibofu. Ya ukutani hutegemea imechomoza kwa ndani au la. Ya chumbani, hata ikiwa ndogo kama zabibu, ndiyo inayovuruga kila kitu: hedhi inayotoka mabonge, siku tisa, kumi, mimba zisizokaa. Ule wake wa saba ulikuwa kibarazani. Wa mbili ulikuwa chumbani.

Akanyamaza. Halafu akasema, kama anayetaja bei ya nyanya, kwamba siku zake ni kumi na moja tangu mwaka juzi, na kwamba akipanda ngazi moyo unapiga ngoma. Hakumwambia daktari. Hakuulizwa, naye hakuona kuwa ni ugonjwa. Alidhani ni uzee unabisha hodi, ana miaka 48. Huko ndiko kuhitaji tiba. Uvimbe wenyewe haukuwa na jeuri, damu ndiyo ilikuwa inamwisha.

"Wakisema kutoa kizazi?" Akauliza hilo akiangalia mlango.

Hapa lugha yetu ni katili. Kizazi ni kiungo cha mwili na kizazi ni watu, waliotangulia na watakaofuata. Mwanamke anayeambiwa "tutakutoa kizazi" anasikia ukoo wake unang'olewa na mzizi, hata kama watoto wake wanne wameshaoa na kuolewa. Wakunga wa zamani walikuwa na mji wa mimba. Ningeomba wauguzi wetu warudi huko, au waseme mfuko wa uzazi. Mfuko mtu anaweza kukubaliana nao. Na kuutoa si njia pekee. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna kuondoa vivimbe tu na kuuacha mfuko, vile vya chumbani hata kwa kupitia njia ya uke bila kupasua tumbo, kuna kuziba mishipa inayovilisha. Na kuna kungoja, kwa sababu hedhi ikikoma fibroidi nyingi husinyaa zenyewe. Madaktari husema "tutakufuatilia". Wagonjwa husikia "nenda zako". Mimi ningesema kuuchunga, kama ng'ombe anavyochungwa, kwa macho na kwa tarehe.

Wanaume tunacho chetu. "Mzee ana tezi dume," utasikia msibani, kana kwamba kuna mwanamume asiye nayo. Tumekifanya kiungo kuwa ugonjwa, kama tulivyofanya sukari na presha, na katika kufupisha huko tumetupa tofauti iliyokuwa ya muhimu, kati ya tezi iliyotanuka kwa umri, ambayo ukiitazama kwa hadubini utaikuta kwa nusu hivi ya wanaume wa miaka 60, na tezi yenye saratani. Ya kwanza huhitaji tiba inapoukaba mkojo. Ya pili ni habari nyingine. Mzee anayeambiwa ana tezi dume anastahili kuuliza: tezi dume ipi?

Sitaki mtu asome hapa aondoke amelala. Kukaa nako kuna mwisho. Vipo vinyama vya utumbo mpana vinavyokaa miaka kisha vikageuka, ndiyo maana huondolewa vikionekana. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka au kubadilika rangi halisubiriwi. Uvimbe wa titi kwa msichana mara nyingi ni ule unaoteleza chini ya kidole, Waingereza wameubandika jina la panya, lakini kidole si maabara. Titi lolote lenye kitu kipya lipimwe. Uvimbe mgumu ulioshikamana na mahali pake, unaokua kwa wiki badala ya miaka, uliofanya kidonda au kutoa damu, wa shingoni uliopita wiki mbili tatu bila kushuka, au unaokuja na mwili kukonda bila sababu: huo uende kukatwa kinyama kikapimwe. Tunaogopa kipimo hicho kwa kuwa tumeambiana kwamba kansa ikiguswa inaamka. Haiamki kwa sindano. Huwa haijalala.

Na zile karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka Barakuda mpaka Segerea, dawa ya uvimbe bila upasuaji, namba ya simu chini? Hazisemi uvimbe gani. Zinaliacha neno pana makusudi, maana likibanwa wateja watapungua.

Niliandika tafsiri yangu kwa mwandiko wa kusomeka: uvimbe usio wa saratani, viwili, kimoja nje na kimoja ndani, apimwe wingi wa damu, arudi kwa daktari wa wanawake aeleze siku zake. Nikaridhika nayo. Shangazi akaikunja, akatoa simu, akampigia dada yake Korogwe. Nilimsikia kutoka jikoni.

"Si kansa, dada. Ni uvimbe wa kukaa... Wa kukaa, ndiyo, hauendi mahali. Ila mmoja umekaa chumbani... Mdogo. Huyo huyo mdogo ndiye anayeninywa damu... Hapana, mkubwa yuko barazani, mwache. Jumatatu narudi hospitali, Amana. Baba atanisindikiza, kasema."

Sikuwa nimesema.